Alama za Mkaa

Kila asubuhi Nyamizi alichora alama ya mkaa kwenye ukuta wa ua, pale miguu ya nyuma ya mbwa wake, Doria, ilipoishiwa nguvu. Daktari wa mifugo alimwagiza: "Akishindwa kufika getini, na chakula akakikataa, niite." Wiki hadi wiki, alama zilirudi kuelekea mlangoni.

Leo Doria alianguka kizingitini. Lakini sahani aliilamba ikang'aa.

"Mpumzishe tu, dada," jirani alisema.

"Anayekula hajaaga, kaka."

Akaifungua kanga kiunoni, akaipitisha chini ya tumbo la mbwa, akamnyanyua. Wakajikongoja pamoja hadi getini, Doria akambwekea muuza maandazi.

Nyamizi akaushika mkaa, akasita. Kisha akachora mistari miwili, ikiegemeana.