Kioo cha Thelathini na Tisa

Kidole cha mtafiti kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma ripoti pale mzee mwosha vyombo wa maabara alipobisha hodi.

"Mwanangu, nimekuja kukiri kosa. Kile kioo chako kilichowaka, nilikiosha kwa maji ya bomba. Maji safi ya maabara yalikuwa yamekwisha."

Mtafiti aliondoa kidole kwenye kitufe. Kwa miaka mitatu alikuwa akipaka vioo utando wa chembe ndogo kuliko vumbi, ili vinase, kwa kuwaka, miale ya gamma inayofumuka nyota kubwa zinapokufa. Vioo thelathini na vinane vilikaa kimya kama maji mtungini. Cha thelathini na tisa kikawaka, na hakujua kwa nini. Ripoti ilisema ni ustadi wake.

Angeweza kumshukuru mzee, kisha akatuma.

"Niandalie kingine, baba. Kioshe vilevile."

Mzee alikiosha taratibu, akikisugua kwa kidole gumba kama anayemnawisha mtoto uso. Mtafiti akakipaka utando, wakasubiri kikauke hadi adhuhuri. Alipokiweka mbele ya chanzo cha miale, kioo kikatoa mwanga wa buluu, mwembamba, usiotikisika.

"Kumbe ni chumvichumvi ya maji ya bomba!" Akarudi kwenye kompyuta, akafuta ukurasa wote wa kwanza wa ripoti.

"Majina yako kamili ni yapi, baba?"

"Unanishtaki?"

"La. Nayaandika karibu na langu."

Mzee akajifuta mikono kwenye koti, mara mbili, ndipo akaanza kutaja herufi.