Kaka wa Malkia

Malkia wa mazimwi alipombusu shujaa mdomoni, kibanda umiza kizima cha kuonyeshea video pale Kibiti kililipuka kwa kelele.

“Haidari! Si ulisema ni kaka yake?”

Haidari ndiye aliyekuwa akiwatafsiria watazamaji tamthilia hiyo ya Kikorea kwa maiki. Lakini Kikorea hakujua hata neno. Tangu mwanzo alijitungia tu. Na sasa imebaki sehemu moja iishe.

“Nilimlilia mama yao mpaka wali ukanishinda!” alifoka mama muuza vitumbua, kandambili mkononi. “Mwongo mkubwa wewe!”

Kwenye skrini, shujaa akafumbua mdomo.

Haidari akainua maiki, akaitoa ile sauti nzito ya shujaa: “Malkia, yule mama tuliyemzika hakunizaa mimi.”

Kandambili ikabaki hewani.

“Endelea, mshenzi wewe,” alisema yule mama.