Kiti Kirefu cha Babu

Hii ilikuwa siku ya tatu Bibi anakula amesimama. Viti vilikuwepo, sita vizima, virefu, vimepangwa kando ya kaunta ya jikoni. Kila akikaribishwa akae alisema yuko sawa tu, akaendelea kutafuna huku ameegemea friji.

Mjukuu wake, mpambaji wa nyumba, roho haikumtulia. Waamuzi wa shindano la jiko bora walikuwa wanafika saa nane mchana, na viti hivyo ndivyo vilivyomfikisha fainali. Akishinda, angekabidhiwa ghorofa jipya alipambe, nyumba sitini, kila jiko na viti vyake. Akishindwa, angerudi kwenye kazi yake ya zamani, ambayo aliiaga kwa maneno ya kujutia.

Aliamini anajua kinachomkwaza Bibi. Mtu hajawahi kukanyaga baa maisha yake yote, leo aambiwe akalie kiti cha baa? Kwa hiyo akamweleza pole pole. Viti hivi vilianzia baa kweli, virefu ili mnywaji alingane na mhudumu aliyesimama. Baadaye watu wakabomoa ukuta kati ya jiko na sebule, wakajenga kaunta, na viti vikahamia nyumbani. Vikatiwa migongo, ngozi, hata magurudumu, mpaka vikapoteza adabu. Yeye alichofanya ni kuvirudisha kwenye asili.

"Asili ipi?" Bibi akauliza.

"Ya kwetu, Bibi. Kile kiti cha Babu nilichokitoa stoo."

Bibi akaacha kutafuna.

Kiti chenyewe kilikuwa stoo miaka ishirini, chini ya magunia. Babu alikitengeneza kwa mikono yake mwaka ule magoti yalipomgomea kukunjika: miguu minne mirefu, vishikio viwili, na chini yake pete pana ya chuma. Katikati ya sehemu ya kukalia palikuwa wazi, kazi ya mchwa bila shaka, na mpambaji akaagiza pasukwe kamba. Seremala aliyepewa kazi ya kukiiga mara sita alipouliza pete ni ya nini, alijibiwa ni ya kuwekea miguu.

Lakini moyoni mpambaji alikuwa na jibu lingine. Alikumbuka utotoni, kila asubuhi, Babu akijikongoja na gazeti kwapani hadi chumba cha nyuma, kilimokuwa kiti hicho. Mlango unafungwa. Ole wake atakayebisha. Nusu saa baadaye mzee anatoka uso umemkunjuka, anatania kila mtu. Ukubwani ndipo mjukuu alipopata picha: Babu alikuwa na baa yake ya siri. Hakumlaumu hata kidogo, alimpenda zaidi. Kwenye fomu ya shindano akaandika kwa fahari kwamba viti vyake vimetokana na baa ya kwanza ya nyumbani katika ukoo wao.

"Bibi, wakikuuliza, nakuomba usimkane Babu," alisema. "Kila mtu ana starehe yake."

"Simkani. Ila mimi, mjukuu wangu, siwezi kulia chakula juu ya kiti kile."

"Najua, Bibi. Zama zimebadilika."

"Naona," akasema Bibi, akaenda kuosha sahani yake.

Waamuzi walikuja watatu, wakapanda viti, wakaletewa keki na matunda. Jaji mkuu, bwana mzito mwenye tai nyekundu, alijiweka sawa mara moja tu, akashusha pumzi. Alisema ameshakalia viti vingi, lakini hakuna kilichowahi kumlegeza mwili namna hii. Angeweza kukaa hapo na gazeti lake hadi jioni. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, midomo imejaa. Wakanong'onezana kidogo, kisha jaji akampa mpambaji mkono na kumwambia aanze kujiandaa kwa nyumba sitini. Mpambaji akalia pale pale bila kuficha, kwa furaha na kwa uchovu wa miaka miwili.

Jaji akakata kipande kingine cha keki. Mguu wake ukawa unazungukazunguka ndani ya pete ya chuma. Akamgeukia Bibi, aliyekuwa bado ameegemea friji.

"Mama, hii pete ni pana sana kwa miguu," alisema kwa tabasamu la mtu aliyesoma fomu. "Tuambie ukweli. Hapa mzee alikuwa anaweka chupa zake?"

Mpambaji alimtazama Bibi kwa macho ya kusihi. Bibi aliipenda sana furaha ya mjukuu wake, na alikuwa amevumilia siku tatu nzima. Lakini mume wake kuitwa mlevi mbele ya wageni, hapo hakuweza.

"Chupa hapana, baba," alisema. "Ndoo. Na kuimwaga kila asubuhi ilikuwa kazi yangu."