Phuu Kabla ya Ubeti wa Tatu

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, begi begani, redio ya dada ilipoanza kupiga wimbo aliopenda kuuimba marehemu mama.

Magitaa ya bendi fulani yalinguruma, ngoma zikagombana. Nikacheka. Wimbo ule wa zamani ni wa kila mtu, kila mtu auharibu atakavyo. Lakini kabla ya ubeti wa tatu vyombo vyote vilinyamaza, mwimbaji akapuliza: phuu!

Nikatua begi.

Mama alikuwa akiuimba huku anapiga pasi ya mkaa, na hapo ndipo alipopuliza makaa yake. Sauti yake tuliirekodi mara moja tu, kanda moja, nikamwachia dada.

"Dada, kanda ya mama umewapa watu?"

"Watu gani?"

"Hao wanaopiga makelele."

"Kaka, una wazimu au njaa? Iko kabatini."

Sikumwamini. Nikaitafuta mwenyewe, nikaikuta, nikaipachika kwenye redio. Mama akaanza kuimba, polepole, pasi ikigonga meza.

"Sasa hao walijuaje?"

"Walikuwa wanafanya mazoezi chumba cha pili. Wakaniomba wimbo, nikawafundisha kama ulivyo."

Akarudi kwenye nguo alizokuwa akipiga pasi, akiimba pamoja na mama. Kabla ya ubeti wa tatu mama akapuliza. Dada naye akainua pasi hadi mdomoni: phuu!

Ilikuwa pasi ya umeme, waya umechomekwa ukutani.

Bendi ilivunjika mwaka uliofuata. Dada anapiga pasi mpaka leo. Mimi siku ile sikusafiri; niliondoka kesho yake, kanda nikaiacha kabatini.