Fisi Mwenyekiti na Mkokoteni wa Punda

Fisi alikuwa na pikipiki inayofuka moshi kama tanuri la mkaa. Aliposikia kwamba Tembo anafadhili vikundi vya usafiri usiochafua hewa, aliificha kichakani, akaazima mkokoteni wa Punda na kujitangaza mwenyekiti.

"Na mimi je?" Punda akauliza.

"Wewe, ndugu yangu, kazi yako ni kupiga makofi tu."

Tembo akaja, akaukagua mkokoteni, akafurahi mno. Kisha akaupanda, akajikalia. "Haya, mwenyekiti, nifikishe kwangu kule mlimani."

Fisi akavuta mpaka ulimi ukagusa vumbi. Mkokoteni haukusogea hata shibiri moja.

"Punda, nisaidie, nakufa!"

Punda akaketi kitako kwenye nyasi, akaanza kupiga makofi.