Vikombe Vinne vya Chai

Wasusi wa saluni walisema swali la mchanganyiko katika mtihani wa hesabu ndilo lililowaangusha watoto wote mwaka jana, na Mama Zawena hakuweza kulitoa neno hilo kichwani. Wiki nzima alimkaririsha binti yake: jumlisha viwango viwili vya sukari, gawa kwa mbili. Asubuhi ya mtihani, Zawena ameshavaa sare, walikuwa bado wanabishana jikoni.

"Lakini mama, vikombe havilingani idadi."

"Usinichoshe! Vikombe vitatu vina kijiko kimoja kimoja cha sukari, cha nne kina vijiko vitano. Ukichanganya, kila kikombe kinapata vitatu. Njoo uonje mwenyewe."

Akatengeneza vikombe hivyo vinne vya chai, akavimimina vyote sufuriani, akakoroga, akavijaza tena. Pembeni akatengeneza kikombe kingine cha vijiko vitatu kamili, ili amnyamazishe mtoto. Zawena akaonja huku, akaonja kule, kisha akamsogezea mama yake vikombe vyote viwili.

Mama akaonja. Chai ya mchanganyiko haikufikia utamu wa ile nyingine. Akahesabu kwa vidole: vijiko vinane, vikombe vinne. Viwili, si vitatu. Hapo hapo kengele ya shule ikalia.

"Sasa nifuate njia ipi, mama?"

"Kimbia, utachelewa!"

Zawena akatoka mbio. Mama akamfuata hadi barabarani, kijiko mkononi, akipaza sauti:

"Usigawe kwa mbili! Usisahau vikombe ni vingapi! Usiandike jibu kabla hujajumlisha sukari yote! Na niliyokufundisha mimi, mwanangu, usiyafuate!"