Wanja wa Harusi

Figo lililopandikizwa lilikuwa mali ya umma, na aliyepata maambukizo kwa uzembe wake alinyang'anywa, akapewa mgonjwa mwingine. Ndiyo maana Raya, aliyekuwa na figo kama hilo, mara baada ya harusi ya binti yake alilificha jicho lake jekundu kwa ukaya aliojitanda kichwani mpaka akafika kwa wifi yake Shinuna, mtu pekee aliyemwamini.

"Wifi, jicho linaniwasha. Kijiti cha wanja ulichonipakia kilikuwa kipya?"

"Kipya? Wewe nawe! Tulipakana sote kwa kijiti kimoja, kama ilivyo desturi. Ungekataa, wangesema mama wa bibi harusi anajidai."

"Lakini wajua dawa za figo zimeninyima kinga."

"Najua, mpenzi. Ngoja nikuletee maji vuguvugu."

Shinuna alikawia jikoni. Aliporudi alimlaza Raya mapajani, akamfuta jicho kwa pamba, taratibu, kama amfutaye mtoto mchanga. Mara mlango ukabishwa, na sauti ya mkaguzi wa viungo ikamwita Raya kwa jina lake.

"Umewaita wewe?"

"Mume wangu anangoja figo, Raya," alisema Shinuna, bila kuacha kufuta. "Tulia, usije ukajiumiza."

"Na kijiti kile, wifi? Ulijua?"

Shinuna alichovya pamba nyingine majini.

"Funga jicho, wifi yangu."